Mashine ya Visiki Tuliyoitengeneza Mimi na Shemeji Benedikto

Nilikabidhi funguo za karakana Ijumaa moja saa nne asubuhi, na saa tano nilikuwa nimerudi tena kwa sababu nilisahau miwani. Nikamkuta Anjela, fundi mkuu mpya, amelala chini ya mashine ya kusagia visiki, tochi mdomoni. Alipotoka akaniambia, "Babu, kila mashine humu ina kitabu chake, hata ile jenereta mbovu. Hii haina. Ukiondoka wewe, nani atajua kwa nini difu imefungwa kinyume?"

Nikamwambia nitaandika. Alinitazama kama mteja anayeambiwa na fundi kwamba kazi yake itakuwa tayari kesho. Basi ninaandika, na ninyi mnaobaki pale mnivumilie. Nilijaribu kuieleza mashine peke yake nikashindwa. Siwezi kuieleza bila kuwaeleza waliokuwapo.

Nilifika Mbinga mjini kutoka Namswea nikiwa na cheti cha darasa la saba na viatu vya kaka yangu, vilivyonibana mpaka nikajifunza kusimama nikiegemea ukuta. Shamba la baba la kahawa lilitosha wana wawili, nasi tulikuwa watano. Karakana yetu ilikuwa ya wakulima: matrekta mawili, lori moja, na mashine za kumenyea kahawa zilizoletwa kila msimu zikiwa na ugonjwa uleule. Fundi mkuu alikuwa Mzee Rajabu. Wazazi wake walitoka Lindi, naye alizaliwa nyuma ya duka lao hapohapo Mbinga. Alikunywa kahawa chungu yenye tangawizi kutwa nzima, akatushangaa sisi Wamatengo tunaoilima na hatuinywi.

Siku ya kwanza alinipa pampu ya maji akaniambia nifungue bolti moja iliyoshikwa na kutu. Nilitaka kumwonyesha nguvu zangu. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, bolti ikakatika, nusu ikabaki ndani. Nilitegemea matusi. Mzee Rajabu aliweka kikombe chini, akachungulia lile shimo, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Nikasema, "Sikuwa na haraka, mzee."

"Basi usingeivunja."

Nilikaa siku tatu nikikitoa kile kipande kwa drili ya mkono, dizeli, na nyundo ndogo ya kugongagonga kama anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Siku ya tatu kilitoka. Mzee Rajabu akakiweka kwenye kiganja changu akaniambia kilichovunjika kwa dakika moja kimechukua siku tatu, na kwamba hesabu hiyo haibadiliki hata nikiwa fundi mkubwa. Niliikumbuka miaka mingi. Siku niliyoihitaji kuliko zote, sikuikumbuka.

Benedikto alikuja baadaye, dereva wa trekta. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka taratibu, na aliweza kurudisha nyuma tela kwenye njia ya ng'ombe bila kugusa ua la mtu. Kupitia kwake nilimfahamu dada yake Oresta, tukaoana, na tangu hapo tukaitana shemeji hata mbele ya meneja. Tulitumwa pamoja kila mahali ambapo trekta liliweza kufika. Kwetu huko si kwingi. Kwenye miteremko ya ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, trekta halina kazi. Pale ni jembe na mgongo wa mtu. Lakini kwenye mabonde, kando ya barabara, viwanja vya shule na makanisa, tuliitwa, na mara nyingi tuliitwa kwa ajili ya visiki.

Wakati huo tuling'oa visiki kwa mnyororo. Mnachimba kuzunguka, mnakata mizizi ya pembeni kwa shoka, mnafunga mnyororo, trekta linavuta. Jambo la kujua ni moja: mnyororo hufungwa chini, kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya ekseli ya nyuma. Ukifunga chini, kisiki kikigoma trekta litasimama au matairi yatateleza. Ukifunga juu ya ekseli, kisiki kikigoma trekta linainuka mbele kama farasi.

Kijiji kimoja upande wa Namswea kilikuwa na chemchemi iliyoanza kukauka. Walikuwa wameizungushia mikaratusi kwa nia njema, na mikaratusi ikanywa maji. Wakaikata. Mkaratusi ukiukata unachipua, ukiuchoma unachipua, ukiufunika kwa udongo unasubiri mvua kisha unachipua. Kamati ya maji ikatuita tung'oe visiki vyote.

Vinane vilitoka vizuri. Cha tisa kilikuwa kikubwa, na kile chuma cha kuvutia kilikuwa kimepinda kwa kazi ya asubuhi, pini haiingii. Kukinyoosha kungetaka moto na muda wa saa nzima. Mawingu yalikuwa yameshika mlima, na watu wa kijiji walikuwa wamesimama wakitutazama. Nikafunga mnyororo juu ya ekseli, pale unapokaa mkono wa juu wa kushikia zana. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia ni mara moja tu.

Benedikto alizunguka trekta, akapanda, akaniuliza, "Tayari, shemeji?"

Nikasema, "Tayari."

Magurudumu ya mbele yaliinuka polepole, kisha ghafla. Trekta lilipinduka nyuma kabla sijamaliza kufungua mdomo. Benedikto alijirusha kushoto, lakini mguu wa kulia ulibaki chini ya madigadi. Wanakijiji waliinua chuma kile kwa miti, nami nikambeba mgongoni mpaka barabarani. Hospitali waliukata mguu juu ya goti.

Meneja aliponiita kuandika taarifa, nilisema ardhi ilikuwa inateleza. Ni kweli ilikuwa inateleza. Hakuna aliyeniuliza mnyororo ulifungwa wapi, nami sikuongeza neno. Oresta alikaa hospitali wiki mbili akimuuguza kaka yake. Aliporudi nyumbani alinishika mkono akanishukuru kwa kumbeba. Nilimwacha anishukuru.

Ulipita mwaka na zaidi. Asubuhi moja Benedikto aliingia karakana kwa magongo, akakaa juu ya kreti la soda. Nilimuuliza anahitaji nini. Akasema, "Nyumbani nimepewa kazi ya kuangalia kuku. Kuku wanajiangalia wenyewe." Kesho yake akaja tena. Mzee Rajabu, ambaye alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu, alimsogezea kikombe cha kahawa, na Benedikto akawa mtu wa pale.

Wazo la mashine lilitoka kwangu, lakini mashine yenyewe ilitoka kwetu sote. Nilikuwa nakata chuma kwa grenda, nikaona jiwe lile dogo linavyokila chuma bila kukivuta wala kukigonga. Nikamwambia Benedikto kwamba kisiki si lazima kitoke. Kinaweza kusagwa palepale kilipo, kikawa unga. Akauliza, "Trekta linakuwa limesimama?"

"Limesimama. Linazungusha tu."

"Basi hata mtu wa mguu mmoja anaweza kuliendesha."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Lakini tangu aliposema, sikufikiria kingine.

Sasa Anjela, sikiliza, hapa ndipo kitabu chako kinapoanza. Sahani tuliikata kwenye bamba nene la chuma lililotoka kwenye daraja bovu, upana wake ni mkono wa mtu mzima kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko na nusu tena. Difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli ya nyuma, ilitoka kwenye pikapu iliyokufa. Tuliifunga kwanza kama inavyofungwa kwenye gari: nguvu ya trekta iingie mbele, kwenye gia ndogo ya pinioni, sahani ikae ubavuni kwenye hafu-shafti, pale pa gurudumu. Tulipowasha, sahani ilizunguka kama bibi anayesaga ulezi. Ilikigusa kisiki, ikasimama. Tukakaa tunaitazama. Benedikto ndiye aliyesema, "Difu inapunguza mwendo. Igeuzeni, itauzidisha." Ndiyo sababu imefungwa kinyume. Nguvu inaingia ubavuni, inatokea kwenye pinioni, na shafti ya trekta ikizunguka mara moja, sahani inazunguka mara nne. Gia ndogo za ndani tulizichomelea zishikamane, na upande wa pili wa ekseli tukauziba. Kwa hiyo usiongeze moto wa trekta kupita nusu. Ukizidisha, sahani itaenda kasi isiyo ya kwake, na mimi sitakuwapo kukuonya.

Meno ya kwanza tuliyatengeneza kwa spring za lori. Yalikula kisiki cha mparachichi vizuri sana, tukashangilia, kisha yakakutana na mchanga wa mizizi yakawa butu kama vijiko. Mtu mmoja aliyefanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe akatuletea ncha za vichorongeo vya kutobolea mwamba zilizotupwa. Ndani yake mna vidonge vya chuma kigumu ambacho tupa haikigusi. Tulivitoa kwa moto, tukavibandika kwenye meno yetu kwa shaba ya manjano. Ukimaliza kubandika, usipoze kwa maji. Fukia jino kwenye majivu, uliache mpaka asubuhi. Ukipoza haraka kidonge kinapasuka, wala hutaona ufa mpaka kazini.

Jambo hilo tulilijua kwa njia mbaya. Jaribio la tatu jino moja lilikatika, likaruka, likatoboa bati la choo cha karakana. Choo kilikuwa kitupu. Meneja alikuwa ametoka humo muda mfupi uliopita, na kwa miezi kadhaa hakupita karibu na mashine yetu. Ndipo tukaweka ile kava ya chuma na mapazia ya mpira wa tairi yanayoning'inia pande zote. Mapazia hayo yakichakaa, badilisha siku hiyohiyo.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuisawazisha sahani, maana upande mmoja ukiwa mzito mashine inatikisika mpaka inajifungua nati zake yenyewe. Mzee Rajabu alikuwa amekwisha kustaafu na macho yalianza kumwacha. Nilimfuata kwake. Alikuja, akatuambia tuiweke sahani na shafti yake juu ya reli mbili zilizolala sawa, tuiache itulie. Upande mzito unashuka wenyewe. Unautoboa kidogo, unaiacha tena. Tulirudia mpaka sahani ikawa inasimama popote unapoiachia. Kisha tukawasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, akasikiliza muda mrefu. Akasema, "Kuna kamtikisiko upande wa kushoto. Kataishi na ninyi." Alifariki mwaka uliofuata. Kamtikisiko kapo mpaka leo.

Benedikto nilimtengenezea breki ya mkono. Mguu wa kushoto ulitosha kwa klachi, na moto wa trekta ni wa mkono, kwa hiyo kilichokosekana ni breki tu. Barabarani liliendeshwa na dereva mwingine. Likifika kwenye kazi, Benedikto anapanda. Meneja alisema hajaona kitu, akaondoka ili aendelee kutoona. Siku ya kwanza Benedikto alipokaa kwenye kiti kile, alishika usukani kwa mikono miwili hali trekta limesimama. Nilijifanya natafuta spana.

Tulisaga visiki vya mikaratusi, vya mibuni iliyozeeka, vya misindano kwenye kiwanja cha kanisa. Tulijifunza kwamba kisiki kibichi kinasagika vizuri kuliko kikavu, na kwamba mwenye shamba akikuambia "hakuna mawe hapo" chukua sururu ukaangalie mwenyewe. Unashusha sahani kidogo, unaipitisha kushoto na kulia kwa ile jeki ya haidroliki, unashusha tena. Ukitaka kumaliza kwa mara moja utamaliza mashine.

Kisiki kigumu kuliko vyote tulikikuta chini kando ya ziwa, kwenye shule moja upande wa Liuli. Mkwaju mkubwa ulikuwa umeanguka kwa upepo, ukakatwa, kikabaki kisiki kipana kama meza ya watu wanane, hatua mbili tu kutoka ukuta wa darasa. Kukichoma hakukuwezekana, kukichimba kungetikisa msingi, na mtoto mmoja alikuwa amejikwaa hapo akavunjika mkono. Mwalimu mkuu, Mwalimu Tekla, alitupokea mwenyewe.

"Shikamooni, wazee. Poleni na mteremko."

"Marahaba, mwalimu," nikasema. "Mteremko tumeuzoea. Tunaogopa mlima wa kurudi."

Alitukirimu ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa wa kukaanga. Benedikto alikula samaki tu. Mimi nilisema ugali wa muhogo ni mzuri, na Mwalimu Tekla akanitazama usoni akaniambia kesho atatafuta unga wa mahindi.

Siku ya kwanza tulishuka kina cha kiganja kimoja. Mkwaju ni mti wenye kiburi. Siku ya pili mashine ililia sauti nyingine, Benedikto akakanyaga klachi kabla sijainua mkono. Meno matatu yalikuwa yamevunjika. Tulifagia unga, tukaona chuma: nondo nene kama mkuki, yenye pete, iliyomezwa na mti. Mzee mmoja wa pale akatueleza kwamba zamani maji ya ziwa yalifika karibu, na mashua zilifungwa kwenye mti huo.

Hakukuwa na njia nyingine ila kuukata ule mkuki kwa msumeno wa chuma, taratibu, kwa mkono. Nilipiga magoti, Benedikto akakaa juu ya kisiki akimwagia dizeli tone moja moja. Watoto walikuwa madarasani wakiimba hesabu. Nilikata robo saa. Halafu, sijui kwa nini siku ile na si nyingine, nilisimamisha msumeno.

"Shemeji, siku ile pale chemchemi, mnyororo niliufunga juu."

Alifunika kopo la dizeli, akaliweka pembeni.

"Najua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Nilizunguka trekta kabla ya kupanda. Ni kazi ya dereva. Niliuona. Nikaona na mawingu, nikaona watu wanatuangalia, nikasema moyoni, fundi ameona inafaa. Nikapanda."

Nilikaa chini kwenye unga wa mkwaju. Miaka kumi na moja nilikuwa nimelibeba jambo lile peke yangu, na yeye alikuwa ameshika upande wa pili.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe. Halafu muda ukapita, nikaona ukiniletea breki ya mkono. Nikasema basi." Alichukua kopo tena. "Dada yangu anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia. Hapo sitakusaidia. Huyo nilimshindwa tangu utotoni. Kata, shemeji, jua linapanda."

Tulimaliza mkwaju ule siku ya nne, kwa meno mapya yaliyoletwa na lori kutoka Mbinga. Mwalimu Tekla aliwatoa watoto wakapakanyaga pale mahali kwa miguu yao mpaka pakawa sawa. Tukapanda mlima.

Nilimwambia Oresta jioni ileile, akiwa anachambua maharage. Nilisema yote, na la taarifa ya meneja pia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akauliza kitu kimoja: "Ulimwambia yeye kabla yangu?"

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nilikushukuru."

Hakuongea nami siku tatu. Alinipikia, aliniwekea maji ya kuoga, alinijibu mbele ya watoto, lakini kwangu hakuwa na neno. Wala sikumwomba. Jumapili baada ya misa alishika njia ya kwa kaka yake, nami nikamfuata nyuma kama mtu anayepelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Benedikto alikuwa amekaa nje. Alipotuona akaweka magongo chini.

Oresta alisimama mbele yetu sote wawili. Sauti yake haikupanda.

"Mmoja ameufunga vibaya, mwingine ameuona. Watu wazima wawili. Na wote mmenyamaza kwa sababu watu wa kijiji walikuwa wanawatazama." Akamgeukia Benedikto. "Nimekuosha kidonda wiki mbili, hukuniambia kitu." Kisha akanigeukia mimi. Akafuta macho kwa pindo la kitenge, akaingia ndani kumsaidia wifi yake kupika.

Tulibaki nje. Kuku walipita mara mbili. Kutoka jikoni tulisikia wanawake wanaongea, kisha mmoja akacheka, nadhani ni Oresta, ingawa sikuthubutu kwenda kuhakikisha.

Baada ya muda Benedikto akaniuliza kama sahani bado inatikisika upande wa kushoto.

"Kidogo," nikasema.

"Tuiangalie Jumatatu," akasema, na akanisogezea kigoda nikae.